Majina Uchi ya Bonde la Ruhuhu

Katika makabati ya Natural History Museum, London, kuna kielelezo chenye namba R6795. Ni pingili za uti wa mgongo, vipande vya bega na nyonga, mifupa ya mkono na ya mguu, vyote vya mnyama mmoja wa jamii ya reptilia aliyekuwa na urefu wa mita mbili hadi tatu. Kichwa hakimo. Vifundo vya miguu havimo. Alichimbwa mwaka 1933 katika bonde la mto Ruhuhu, kusini-magharibi mwa nchi ambayo siku hizo iliitwa Tanganyika. Jina alipewa mwaka 1956. Jina hilo likaja kuwa halali mwaka 2017.

Miaka 23 ya kupata jina, halafu miaka 61 ya kulihalalisha! Aliyempa jina alikuwa marehemu wa miaka 20 siku jina lilipotangazwa, na bado yumo katika orodha ya waandishi wa makala iliyolitangaza. Mtu huyo ni Alan Charig, Mwingereza mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 1997. Ukifuata kazi yake, utaelewa kwa nini mfupa unaweza kukaa droo moja muda wote huo huku kila mtaalamu akijua kwamba upo.

Kwanza bonde lenyewe. Mtanzania ukimtajia dinosaria atakwambia Tendaguru, na ana haki. Kule Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba zaidi ya tani 200 za mifupa, na jitu mojawapo limesimamishwa Berlin mpaka leo, kimo chake kikipita mita 13. Lakini Tendaguru ni ya juzi tu ukiilinganisha na Ruhuhu. Mifupa ya Tendaguru ina umri wa kama miaka milioni 150. Ile ya matabaka ya Manda, yaliyochukua jina la Manda pale Ruhuhu inapomwaga maji yake Ziwa Nyasa, hukadiriwa kuwa na miaka milioni 240 na ushei. Hicho ni kipindi cha Triasi, mabara yote yakiwa bado yameshikana, na ni muda mfupi kwa hesabu za miamba tangu viumbe wengi kabisa wa dunia walipotoweka, miaka milioni 252 iliyopita. Waliosalia walikuwa wakigawana dunia upya. Fungu nono likaangukia akosauri, ukoo ambao leo umebakiza matawi mawili hai: mamba na ndege. Dinosaria ni wa tawi la ndege.

Kwa hiyo swali la Ruhuhu ni la asili kabisa. Matawi hayo mawili yalipoachana, wa kwanza wa upande wa ndege alikuwa mnyama wa namna gani? Alitembea kwa miguu miwili kama kuku, au minne kama kenge? Miamba yenye umri unaofaa kujibu hilo ni michache duniani.

Visukuku vya bonde hilo viliibuliwa na mtu aliyekuwa na shughuli nyingine. G. M. Stockley, mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni, alikuwa akichunguza makaa ya mawe ya Ruhuhu. Mwaka 1932 mifupa aliyoikusanya ikaandikwa Afrika Kusini na Sidney Haughton. Mwaka uliofuata akaja Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akakusanya mifupa na kuondoka nayo Uingereza. Masanduku ya mawe hayajibebi, lakini lebo za makumbusho huandikwa jina la mkusanyaji mmoja. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Parrington mwenyewe alipenda zaidi reptilia walio upande wa asili ya mamalia. Mifupa ya akosauri ikakaa mpaka alipopata mwanafunzi wa uzamivu wa kumkabidhi. Huyo ndiye Charig. Jeshi lilikuwa limemkatiza masomo, likamfundisha Kirusi na kumfanya mkalimani Ujerumani, kisha akarudi Cambridge. Tasnifu yake ya mwaka 1956 ilihusu akosauri wapya wa Triasi kutoka Tanganyika. Humo R6795 akapata jina *Teleocrater rhadinus*. Kwa Kigiriki ni kama kusema "bakuli kamili, mwembamba": umbo jembamba, na nyonga ambayo kikombe chake kimezibwa na mfupa. Dinosaria kikombe hicho kimetoboka, unaweza kupitisha kidole. Mwingine, mwenye shingo ndefu, akaitwa *Mandasuchus tanyauchen*.

Kwa nini jina linakuwa uchi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Majina ya kisayansi ya wanyama yana kanuni zake za kimataifa. Jina haliwi jina kwa sababu profesa kalitamka, wala kwa sababu limeandikwa kwenye karatasi nzuri. Lazima litoke katika chapisho linalopatikana kwa umma. Lazima liambatane na maelezo yanayotaja sifa za kumtofautisha mnyama huyo na wengine. Na siku hizi ni lazima pia kitajwe kielelezo mahususi kinachobeba jina, ili mtu akibisha miaka mia baadaye aende kwenye droo ileile akautazame mfupa uleule.

Tasnifu ya mwaka 1956 ilikuwa karatasi zilizopigwa taipu, nakala chache, rafu ya chuo. Kwa kanuni hizo, hiyo haihesabiwi kuwa ni kuchapisha. Muhtasari wake ulitoka mwaka uliofuata, na mwaka 1967 Charig alishiriki kuandika sura ya reptilia katika orodha kubwa ya visukuku vya dunia. Humo aliorodhesha majina mengine ya Ruhuhu: *Nyasasaurus cromptoni*, *Hypselorhachis mirabilis*, *Pallisteria angustimentum*. Majina yapo, maelezo hayapo. Jina la namna hiyo Kilatini huitwa *nomen nudum*, yaani jina uchi.

Mtoto anaweza kuitwa Juma na mtaa mzima, akaitika, akatumwa dukani kwa jina hilo, mpaka siku ya kuandikishwa shule mwalimu adai cheti cha kuzaliwa. *Teleocrater* na *Mandasuchus* waliishi hivyo. Wataalamu waliwataja katika vitabu na makala kwa miongo, wakawapanga huku na kule kwenye michoro ya ukoo, na asiyeweza kufika Cambridge au London hakuwa na njia ya kukagua. Nikisema ukweli, hali hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na jina kabisa. Mnyama asiye na jina hanukuliwi. Mwenye jina uchi hunukuliwa kwa imani.

Charig hakuwa mtu wa kupuuza kanuni hizo. Ndiyo kinaya cha hadithi yake. Alipokuwa London alipigania jina la *Scelidosaurus*, dinosaria wa Uingereza aliyeelezwa karne ya 19. Ilikuwa imegundulika kwamba mfupa uliochaguliwa kubeba jina hilo, kipande cha goti, ulikuwa wa mnyama mwingine kabisa, mla nyama. Kisheria jina lingemfuata goti na kuuacha mfupa mzima wa mnyama ambaye kila mtu alimjua kwa jina hilo. Charig na mwenzake wakaomba tume ya kimataifa ya majina ihamishe jina liende kwenye kiunzi kinachostahili, na mwaka 1994 tume ikakubali. Mtu aliyeijua sheria kiasi hicho ndiye aliyewaacha watoto wake wa Ruhuhu bila vyeti.

Miaka ilikokwenda

Charig alifundisha zoolojia Gold Coast, Ghana ya leo, kisha akaingia makumbusho ya London, ambako kwa miaka mingi alisimamia mkusanyo wa amfibia, reptilia na ndege wa kale. Kazi ya msimamizi ina mambo elfu: wageni, barua, maonyesho, vielelezo vya watu wengine. Na kila mwaka kunakuja mfupa mpya unaodai kutangulia.

Mwaka 1962, yeye na Alfred Crompton walitangaza *Heterodontosaurus*, dinosaria mdogo wa kusini mwa Afrika mwenye meno ya aina tofauti kinywani, hata machonge. Mwaka 1963 alirudi kwenye chanzo: msafara wa makumbusho yake na Chuo Kikuu cha London ukaenda Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia ya sasa, na Tanganyika iliyokuwa na uhuru wa chini ya miaka miwili. Wakatoka na mifupa mipya. Kiporo kikaongezwa juu ya kiporo.

Kisha kuna *Baryonyx*. Januari 1983, William Walker, fundi bomba aliyependa kutafuta visukuku, aliokota ukucha mkubwa wa kama sentimita 30 katika machimbo ya udongo kaunti ya Surrey. Makumbusho ikachimba, mifupa mingi ya mnyama yuleyule ikapatikana, na mwaka 1986 Charig na Angela Milner wakampa jina *Baryonyx walkeri*, ukucha mzito wa Walker. Tumboni mwake mlikuwa na magamba ya samaki, ushahidi wa wazi wa mlo wake. Toka ukucha hadi jina halali: miaka mitatu. Maelezo kamili, mfupa kwa mfupa, yalitoka mwaka 1997, mwaka aliofariki Charig.

Kwa nini huyu miaka mitatu na yule 84? *Baryonyx* alikuwa na sehemu kubwa ya kiunzi chake, alikuwa habari ya magazeti, na alichimbuliwa uani. R6795 alikosa hasa ile mifupa ambayo ingemwambia Charig mnyama huyu ni wa upande gani. Unaweza kuchapisha maelezo bila jibu hilo, na mimi nadhani angefanya hivyo. Lakini mtaalamu anayetaka jibu kamili ndipo aandike hujikuta anangoja mfupa ambao uko ardhini kilomita elfu kadhaa kutoka mezani kwake.

Hata vita vya hadharani vilimwita. Katikati ya miaka ya 1980 wanaastronomia Fred Hoyle na Chandra Wickramasinghe walidai kwamba *Archaeopteryx* ya London, ndege wa kale mwenye meno aliyenunuliwa na makumbusho mwaka 1862, ni ya kughushi: kwamba mtu alipaka saruji na kukandamiza manyoya ya kuku. Charig na wenzake walijibu mwaka 1986 katika jarida la *Science*. Jiwe hilo limepasuka bapa mbili zinazokabiliana. Walionyesha nyufa nyembamba kama unywele zinazopita katikati ya alama za manyoya, na nyufa zilezile ziko kwenye bapa la pili, zikilingana pale pale. Mghushi angeweza kupaka saruji. Asingeweza kuupasua mwamba kwa nyufa za asili zinazooana pande zote mbili baada ya kupaka.

Kenge, mamba, kuku

Wazo lake kubwa lilihusu miguu. Mwangalie kenge akitembea: magoti yametokeza pembeni, tumbo linakaribia kusugua ardhi. Mwangalie kuku: miguu iko moja kwa moja chini ya mwili, kama nguzo. Mamba yuko katikati. Anaweza kutambaa kama kenge, na akitaka anajiinua na kutembea akiwa juu kidogo. Mwaka 1972 Charig aliandika uchambuzi mrefu wa nyonga na miguu ya akosauri akieleza hatua hizo tatu, na jinsi mifupa na misuli ilivyobadilika ili mwili unyanyuke. Mamba, kwa fikra hiyo, anatunza hatua ambayo mababu wa dinosaria waliipitia.

Tatizo lilikuwa kifundo cha mguu. Kuna mifupa miwili inayohusika, mmoja wa ndani na mmoja wa kisigino. Kwa mamba, kiungo kinapita kati ya mifupa hiyo: wa ndani umekaa na muundi, wa kisigino unazunguka pamoja na wayo na una nundu inayotokeza nyuma kama mpini. Kwa ndege na dinosaria yote miwili imeshikamana na muundi, na kiungo kinapita chini yake kama bawaba ya mlango, mbele na nyuma tu. Kwa miaka mingi vitabu vilitumia tofauti hiyo kuyatenga matawi mawili. Ukiwa na kifundo unajua uko wapi. R6795 hana kifundo.

Charig hakuwa sahihi kila mahali. Mwaka 1974 Robert Bakker na Peter Galton walipopendekeza kwamba dinosaria wote ni ukoo mmoja, na wapewe ngeli yao pamoja na ndege, Charig aliandika uhakiki mkali mwaka 1976. Leo karibu kila mtaalamu anakubali kwamba dinosaria ni ukoo mmoja na ndege wamo ndani yake. Ushahidi wa jinsi ukoo huo ulivyoanza ulikuwa, kwa sehemu, kwenye droo alizozisimamia yeye mwenyewe.

Viporo vyaliwa

Kuanzia mwaka 2007 timu iliyowajumuisha Sterling Nesbitt na Christian Sidor ilirudi Ruhuhu. Safari hii mifupa ilipewa namba za Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, herufi NMT zikifuatwa na RB, bonde la Ruhuhu. Mwaka 2010 wakamtangaza ndugu wa karibu wa dinosaria kwa jina ambalo msomaji wa makala hii hahitaji kamusi kulielewa: *Asilisaurus kongwe*.

Wakati huohuo viporo vya London vilikuwa vinafunguliwa kimoja kimoja. *Nyasasaurus* alitoka rasmi katika makala ya mwaka 2013, jina la pili sasa likiwa *parringtoni*. Mifupa yake ni michache: mkono wa juu, kipande cha bega, pingili kadhaa. Lakini mkono huo una ukingo mrefu wa kushikia msuli, unaozidi asilimia 30 ya urefu wa mfupa, kama wa dinosaria. Kisha walifanya jambo ambalo Charig hakulifanya: wakakata kipande chembamba mpaka nuru ipenye, wakakitazama kwa hadubini. Nyuzi za mfupa zilikuwa zimesukwa ovyo ovyo, na hiyo ni alama ya mwili unaokua haraka. Waandishi walikuwa waangalifu. Walisema huyu ni dinosaria wa kwanza kabisa anayejulikana, au ni ndugu wa karibu mno wa dinosaria. Kwa vyovyote anawatangulia dinosaria wa Argentina, wenye miaka kama milioni 231, kwa miaka milioni 10 hadi 15.

Mwaka 2015, katika bonde lilelile, ikapatikana mifupa zaidi ya *Teleocrater*, na safari hii kifundo kimo. Kilikuwa cha mamba.

Hapo ndipo mambo yalipopendeza. Fuvu lilikuwa na kishimo kwenye mfupa wa paji, pingili za shingo na makovu ya misuli ya paja yalikuwa ya upande wa ndege. Mnyama wa miguu minne, mla nyama, shingo ndefu, kisigino cha mamba, na bado ni wa tawi la ndege, tena karibu na shina lake. Maana yake kifundo cha mamba kilikuwa cha babu wa wote. Tawi la mamba lilikitunza, tawi la ndege likakibadili baadaye. Wale waliomtarajia babu wa dinosaria awe kijinyama chepesi cha miguu miwili walikuwa wanatazama hatua ya mbele zaidi. Jarida la *Nature* lilichapisha hayo Aprili 2017, Charig akiwa mwandishi mwenza. *Mandasuchus* naye akapata maelezo yake, jina la Charig likiwa tena kati ya waandishi, na akawekwa tawi la mamba.

Angalia kitu kimoja kuhusu majina. Jina uchi halina haki yoyote kisheria, kwa hiyo watafiti hawa wangeweza kuyatupa yote na kubuni mapya. *Teleocrater* na *Mandasuchus* waliachiwa majina yao kwa heshima ya mtu, wala hakuna kanuni iliyowalazimisha. Kwa *Pallisteria* ilikuwa vingine. Kielelezo hicho cha msafara wa 1963, chenye fuvu lililopita sentimita 75, kilielezwa mwaka 2022 na Richard Butler na wenzake, wakaliacha jina la zamani lililomkumbuka rafiki wa Charig na kuweka la Kiswahili: *Mambawakale ruhuhu*. Mimi nimefurahi. Hata hivyo jina la lugha yetu halijibu nani aliyewaonyesha wageni njia ya kwenda kwenye mifupa, wala nani alishika upande wa pili wa sanduku. Orodha za waandishi zina nafasi kwa marehemu wa Cambridge. Wapagazi wa 1933 hawana humo hata jina uchi.

Na kiporo kimoja kimegoma. *Hypselorhachis mirabilis* alipata cheti chake mwaka 2009, maelezo kamili, kila kitu kwa mujibu wa kanuni. Kielelezo chake ni pingili moja ya mgongo yenye mwiba mrefu sana kwenda juu, kana kwamba mnyama alibeba tanga. Mifupa yake mingine haijaonekana.